Fundi Aliyenipeleka Mstarini

Mtu aliyenifundisha kushindanisha gari alikuwa akitembelea baiskeli, na akifika kwenye mteremko alishuka akaikokota. Naanza na jambo hilo kwa kuwa ndilo ambalo watu wa Kasulu waliomjua hulitaja kwanza. Hulitaja wakicheka, kisha hunyamaza, maana kila mmoja wao ana gari au pikipiki iliyowahi kurudishiwa uhai na mikono yake. Tulimzika mwezi wa Mei mwaka jana, siku ya Ijumaa, saa nane mchana.

Sitaandika alikozaliwa, wala wazazi wake walitoka upande upi wa mpaka. Hayo aliulizwa mara nyingi mno na watu wenye fomu mezani, akayajibu yote, mpaka siku alipopewa karatasi ya uraia akaitia ndani ya Biblia yake. Sitaki kumwuliza tena, hata kwa maandishi. Nitamwita Fundi, kama nilivyomwita kwa miaka kumi na mmoja.

Gereji yake ilikuwa pembeni mwa barabara itokayo Kasulu kuelekea Kibondo: mabati sita juu ya nguzo za mikaratusi, shimo la kukagulia magari lililojengewa matofali ya kuchoma, na benchi moja la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Miaka yote ile hakuutengeneza mguu huo. Alisema benchi likitulia, mteja husinzia, na mteja anayesinzia hasikii anachoambiwa kuhusu gari lake.

Aliosha mikono kabla ya kazi. Mafundi wengine huosha baada ya kazi tu, nacho ndicho kilichonishangaza siku ya kwanza nilipofika pale na mume wangu. Aliosha kwa sabuni ya kipande na maranda ya mbao, akajifuta, ndipo akafungua boneti.

"Fundi, si utachafuka tena sasa hivi?" mume wangu alimwuliza.

"Nitachafuka kwa uchafu wa gari lako, mzee. Sitaki kukuletea wa gari la jirani."

Jambo alilolichukia kuliko yote ni uongo wa wenye magari. Alisema mgonjwa humdanganya daktari kwa sababu ya aibu, lakini mwenye gari humdanganya fundi bila sababu yoyote. Nilikuwapo siku alipokuja mfanyabiashara mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, gari lake likikokotwa kwa kamba.

"Fundi, mie sikufanya kitu. Ilizima yenyewe tu mu barabara."

"Mtu ndiye hulala mwenyewe. Gari huzimwa. Ulipita wapi?"

"Nilipita mu mayi. Kidogo tu."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Mpaka ku magoti."

"Magoti yako au magoti ya gari?"

Yule bwana alitazama chini, kisha akacheka, kisha akasema ukweli wote: mto ulikuwa umejaa, wenzake walimkataza, akaona haya kurudi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, ndipo akaosha mikono. Hakugusa gari lolote kabla mwenyewe hajasema ukweli. Wapo waliokaa kwenye benchi lile bovu tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakishindana naye kwa ukimya, na sikumwona hata mmoja aliyemshinda.

Baiskeli yake nayo ilikuwa na maelezo. Alikuwa ameendesha malori ya chakula cha wakimbizi kwa miaka mingi, katika barabara za udongo za wakati ule, kabla ya lami. Tangu alipoacha kazi hiyo hakushika tena usukani ila kuliingiza gari shimoni na kulitoa. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba alikuwa amekwenda haraka kiasi cha kumtosha mtu mmoja. Sikumwuliza zaidi. Mtu wa namna ile aliwapenda wenye kasi kwa huruma, kama mtu aliyeacha pombe anavyomtazama mlevi anayeimba.

Sasa lazima nijitaje mwenyewe, maana bila kosa langu nisingemjua kwa undani. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mitatu, dawati moja na binti aliyelingana na kitinda mimba wangu. Mume wangu ndiye aliyenipeleka kwenye kila mtihani kwa gari lake dogo jeupe, la gia za mkono, na ndani ya gari hilohilo alinifundisha kuendesha. Alifariki Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Novemba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, mahakama ilinipa karatasi ya mirathi, na gari likawa langu. Kila Jumatatu nilikwenda nalo sokoni Mabamba kununua maharage, nikayauza Kibondo. Watoto walisoma kwa maharage hayo.

Ukoo wa mume wangu ulikutana kuondoa msiba mwezi wa Mei, siku ya Jumapili, baada ya ibada. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama akasema mbele ya watu wote:

"Gari la mdogo wangu linabeba magunia kama punda. Huyu mama analiendesha kana kwamba amebeba mayai. Naomba lirudi kwenye ukoo, lipate mtu anayeliweza."

Ningeweza kukaa kimya. Karatasi ya mahakama ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imekunjwa mara mbili. Lakini mimi ni mtu wa kiburi, nakiri, na lile neno la mayai lilinichoma. Shemeji alikuwa amekwisha kushindana mara mbili katika mbio za magari ambazo chama cha madereva huandaa kila mwezi wa Agosti kwenye kiwanja cha zamani cha ndege nje ya Kibondo: magari mawili, mstari ulionyooka, mita mia nne. Nikasimama.

"Agosti nitakuwa uwanjani na gari hili, tukimbie mimi na wewe. Ukinitangulia, siku hiyohiyo ondoka nalo."

Mzee wa ukoo aliinua mkono. "Mama Editha, maneno hayo yafute."

"Siyafuti."

"Yafute, mama. Hasira haina uzao."

"Sijakasirika," nikasema, na kila mtu aliona kwamba nimekasirika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kasulu kumweleza Fundi. Alinikalisha kwenye benchi, akasikiliza yote.

"Karatasi ya mahakama ilikuwa imeumaliza ugomvi," alisema. "Wewe umeufungua upya kwa mdomo."

"Najua."

"Umewahi kushindana na gari, hata mara moja?"

"Oya, sijawahi. Hata mara moja."

"Vizuri. Basi hakuna mazoea mabaya ya kukufuta kwanza." Akaenda kuosha mikono.

Hivyo ndivyo yalivyoanza maandalizi yaliyochukua majuma kumi na moja. Nilidhani atanifundisha kwenda mbio. Jumamosi tatu za kwanza alishughulikia breki tu. Alibadilisha majimaji yake, akakagua mipira yake, akanifanya nisimamishe gari kwenye uchochoro wa nyuma ya gereji mara arobaini, mpaka likasimama bila kupinda kichwa. Nilipolalamika, alisema sentensi ambayo nimeirudia kwa watu wengi: "Wengi hawafi wakishindana. Hufa wakishashinda, wakiwa wanatafuta pa kusimama."

Kisha akaanza kulivua gari. Tairi la akiba, jeki, mazulia, kila kitu kinachoweza kuruka au kuongeza uzito, vilitoka. Chini ya viti tulipata maharage ya kutosha chungu kimoja. Nyuma ya kiti changu ulikuwapo mwavuli wa mume wangu, na nilipouona mkononi mwa Fundi nilimwambia aurudishe.

"Ni wa marehemu," nikasema.

"Najua ni wa nani. Nilimwona nao mvua ya Krismasi." Aliufunga kwa gazeti, akauweka mahali pa juu. "Marehemu hashindani, Mama Editha. Atatungoja."

Alifunga betri upya kwa mkanda wa chuma. Alipima upepo wa tairi asubuhi kabla gari halijatembea, siyo baadaye. Alinitafutia kofia ngumu iliyonikaa sawasawa, akakataa mbili nilizoletewa na jirani kwa kuwa zilicheza kichwani. Aliniambia nije na nguo ya pamba, si ya nailoni, na viatu vya soli nyembamba ili mguu uisikie klachi. Siku moja alinikalisha ndani ya gari lililozimwa, madirisha yamefungwa, akasimama mbele ya boneti. Kazi yangu ilikuwa kuachia klachi kila alipopiga kofi. Alipiga makofi kwa muda mrefu, mengine yakifuatana, mengine akiyachelewesha mpaka paja linitetemeke. Wapita njia walisimama kutazama mzee anayempigia makofi mjane aliyekaa kwenye gari lisilonguruma.

"Wanatucheka," nilimwambia.

"Wanakucheka wewe. Mimi wamenizoea."

Tulipopata karatasi ya kanuni kutoka kwa chama cha madereva, alinitaka niisome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, ingawa yeye mwenyewe alijua kusoma vizuri. Nilipofika mwisho aliniuliza nifanye nini ikiwa bendera bado iko juu, naye mshindani wangu ameondoka kabla ya wakati. Sikujua. Tukarudi mwanzo. Na kila Jumamosi, tukiagana, alisema neno lilelile: gari utakalokwenda kushindana nalo ndilo utakalorudi nalo nyumbani, kwa hiyo usiliombe kitu ambacho huwezi kulirudishia.

Mwezi wa Julai chama kiliruhusu Jumamosi mbili za mazoezi uwanjani. Fundi alikuja Kibondo kwa basi, baiskeli yake imefungwa juu ya paa. Kabla ya kuniruhusu kuwasha gari alinitembeza kiwanja chote kwa miguu, kwenda kwa upande wangu na kurudi kwa upande wa mshindani. Alinionyesha changarawe ilipolegea, mahali panapoinama kidogo upande wa kushoto, na kichuguu kilichosawazishwa ambacho hakionekani mpaka ukikanyage.

Hapo ndipo kosa langu lilipojitokeza. Nilikuwa naondoka vizuri, sambamba na mwenzangu, na kufika katikati gari langu linapungua nguvu, mwenzangu ananipita. Ilitokea Jumamosi ya kwanza, ikatokea Jumamosi ya pili. Fundi alisikiliza kutoka mbali, akaamua klachi inateleza. Tulirudi Kasulu Jumapili baada ya ibada. Siku mbili alikuwa chini ya gari. Jumanne alitoka shimoni, akakaa upande wangu kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimefungua klachi isiyo na kosa," alisema. "Nisamehe. Nilisikia vibaya kwa kuwa nilitaka kosa liwe mahali ninapoweza kulifikia kwa spana. Sasa wewe niambie. Jumamosi ya kwanza ulikimbia na nani?"

"Na katekista wetu."

"Ya pili?"

"Mwalimu mkuu mstaafu."

"Kati ya wote uliokimbia nao, yupo uliyempita?"

"Dereva mmoja wa bodaboda aliyeazima gari. Huyo nilimpita."

"Ana miaka mingapi?"

"Ni kijana tu," nikasema. Alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa ameona uso wangu.

Msomaji asiyetoka Buha, nchi ya Waha, huenda asielewe. Kwetu humpiti mtu mzima njiani kana kwamba ni mti. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unamwambia mwidiwe, unauliza habari zake na za nyumba yake na za ng'ombe wake, naye anauliza zako, na mkimaliza yeye ndiye anayekupa njia. Nililelewa hivyo, na nikiwa na miaka sita nilichapwa kwa sababu nilimpita bibi mmoja kisimani nikikimbia. Mguu wangu wa kulia ulikumbuka fimbo ile. Kila nilipofika ubavuni mwa mtu mzima, uliinuka wenyewe.

"Mguu wako huinuka ukimfikia mkubwa," Fundi alisema.

"Si kweli," nilimwambia. "Mguu wangu hauinuki."

Akainuka yeye, akaenda kusimama kando ya nguzo, akangoja. Ile ilikuwa zamu yangu ya kukaa kwenye benchi bovu. Nilikaa kama saa moja na nusu.

"Unainuka," nikasema mwishowe.

"Ego, ndivyo. Sasa tunaweza kuutibu."

Dawa yake ilikuwa nyepesi, na sidhani kama fundi wa mahali pengine popote angeifikiria. Hakuniambia nisahau adabu. Aliniambia niimalize kabla ya bendera. Siku ya mbio niende gari kwa gari, niwasalimie wakubwa wote nitakaoshindana nao, salamu kamili, hata kama itachukua asubuhi nzima, kisha niwaombe njia. "Ukishapewa njia," alisema, "kumpita mtu ni kumtii."

Kuna jambo jingine la mwezi wa Agosti ambalo lilitaka kututenganisha. Siku ya Jumatano, siku kumi kabla ya mbio, nilifika gereji bila kutarajiwa. Miguu ya Fundi ilikuwa imechomoza chini ya gari, na gari lile lilikuwa la shemeji yangu.

Sikusalimia. "Fundi, hilo ni gari la nani?"

"Unalijua."

"Umeniona nimekuja hapa majuma tisa. Unajua nitakachopoteza."

Alitoka polepole, akakaa chini akiegemea tairi. "Alikuja jana, akasema ukweli wote kuhusu gari lake bila kuulizwa mara mbili. Gia ya tatu ilikuwa inaruka. Ningemwambia nini? Kwamba leo siponyi?"

"Ungemwambia una kazi nyingi."

"Ningekuwa nimedanganya. Na wewe ukimshinda mtu mwenye gari bovu, Mama Editha, utakuwa umeushinda ubovu. Yeye utakuwa hujamgusa."

Niliondoka bila kuaga. Nilirudi kesho yake, Alhamisi, kwa sababu sikuwa na fundi mwingine na kwa sababu alikuwa amesema kweli. Alhamisi iliyofuata, siku mbili kabla ya mbio, alilikagua gari langu kwa mara ya mwisho. Alifungua plagi, akapima nguvu ya kila silinda, moja baada ya nyingine, akarudia moja. Akafuta kifaa chake, akakirudisha kwenye kisanduku.

"Liko tayari," alisema. "Lisiguswe tena."

Jumamosi ya tatu ya Agosti, saa mbili asubuhi, nilifika uwanjani nikiwa nimevaa kitenge juu ya suruali, maana sikutaka kuwasalimia wakubwa nikiwa na suruali peke yake. Nilikwenda gari kwa gari. Katekista alishuka kabisa, tukasalimiana mpaka watu wakaanza kutukusanyikia.

"Nitakapokupita, baba, usinihesabie utovu wa adabu."

"Kama utanipita, mwanangu, nitajua si wewe, ni maharage." Akanipa njia, akicheka. Mwalimu mkuu mstaafu naye akanipa, ila akanitaka kwanza nimtajie vifungu vitatu vya kanuni.

Shemeji alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameegemea gari lake, mikono kifuani. Nilivua kofia ngumu, nikainama, nikapiga makofi, nikamsalimia kwa salamu yote, na nyumba yake, na watoto wake, na ng'ombe. Aliitikia kila neno, maana naye alilelewa. Nilipofika mwisho nikamwomba njia.

"Sikupi," alisema.

Nilirudi kwa Fundi. Nilimwambia.

"Ulimwomba vizuri?"

"Niliomba."

"Basi adabu yako umeimaliza. Iliyobaki ni yake, na huwezi kumbebea." Alikagua mkanda wangu wa kiti, akaukaza tundu moja, akaondoka. Wakati wa mbio hakutazama. Alisimama nyuma ya kamba akiupa mgongo uwanja, kichwa kimeinama, akisikiliza.

Mbio zangu na shemeji ni fupi kuliko kuziandika. Bendera ilishuka, niliachia klachi, changarawe ikapiga chini ya gari kama mvua. Kwenye gia ya pili tulikuwa sawa. Kwenye gia ya tatu shemeji alikuwa mbele kwa kiasi cha taa, na gari lake lilivuta vizuri sana, kwa kuwa lilitengenezwa vizuri. Nilipokuwa nakaribia ubavu wake nilihisi mguu wangu ukitaka kuinuka. Sitadai kwamba nilikuwa shujaa. Nilisema kwa sauti, ndani ya kofia, "Nimekwisha kukusalimia," na nikaukandamiza mguu hadi sakafuni. Nilikanyaga kichuguu, usukani ukatikisika, sikuinua. Nilivuka mstari nikiwa mbele kwa urefu wa boneti, nikasimamisha gari bila kupinda kichwa.

Shemeji alikuja kwa miguu kutoka lilipokuwa gari lake. Alisimama dirishani kwangu.

"Si mayai," alisema, akaenda zake. Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo aliyelitaja tena gari hilo, isipokuwa wanapohitaji kupelekwa hospitali.

Fundi hakunipongeza. Alifungua boneti, akasikiliza injini iliyoachwa ikinguruma, akafunga. Akaniambia nirudi nyumbani buhoro buhoro, nisizidi hamsini, na niwe nikiangalia oili kila wiki. Niliangalia. Gari lilikula oili kidogo kila mwezi, nami nikaongeza, nikidhani ni uzee.

Miaka minne ikapita. Nilimwona mara kwa mara, kisha mara chache, kisha gereji ikafungwa kwa sababu ya kifua chake. Jumatano ya pili ya Machi mwaka jana nilipata habari kwamba hatoki tena kitandani, nikaendesha kwenda Kasulu. Nilimkuta katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya binti yake, ameegemezwa mito miwili. Mikono yake ilikuwa safi. Sikuwahi kuiona safi kiasi kile, na iliniogopesha kuliko kukohoa kwake.

Tulisalimiana kwa urefu wote. Kisha akasema, "Nimelisikia gari likiingia. Bado linakula oili?"

"Kidogo."

"Halijafunguliwa injini?"

"Hapana. Ulisema lisiguswe."

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia. "Silinda ya tatu," alisema. "Ringi zake za pistoni zilikuwa zimechoka. Niliipima Alhamisi ile, nikairudia. Ringi hazikuwapo Kasulu wala Kigoma, na mbio zilikuwa Jumamosi. Gari la shemeji yako lilikuwa zima kuliko lako."

Sikuelewa mara moja.

"Uliniambia liko tayari."

"Nilikuambia."

"Niliweka gari langu rehani mbele ya ukoo mzima, na wewe ulijua lina upungufu. Ningelipoteza."

"Ego."

"Ulikuwa na haki gani, Fundi?"

"Sikuwa nayo." Alikohoa, nikamshika bega mpaka akatulia. "Ningekuambia ukweli, mguu ungepata sababu ya kuinuka. Nilifikiri hivyo. Labda nilikosea. Nimewakalisha watu kwenye lile benchi miaka thelathini, na mimi mwenyewe nimekaa juu yake miaka minne."

Nilikuwa na hasira, nami nasema hivyo bila kuona haya, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuambiwa ukweli. Nilisimama dirishani. Gari langu lilikuwa nje, jeupe, limejaa vumbi la njia. Baadaye nikasikia akiniuliza kama nina kalamu. Nina kalamu siku zote.

Alitaka nimwandikie barua fundi mwenzake wa Kibondo, ili ringi zibadilishwe. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumpeleka mteja wake kwa fundi mwingine. Nilikaa kwenye kigoda, nikaweka karatasi juu ya goti, nikaandika tarehe ya siku ile pembeni.

"Siyo hiyo," alisema. "Weka ya Alhamisi nilipolijua kosa. Barua hii imechelewa, na yeye aone imechelewa kiasi gani."

Nilikata, nikaandika ya Alhamisi ile. Naikumbuka, kama ninavyozikumbuka zote.

Aliamuru polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Silinda ya tatu. Zikaguliwe na nyingine. Asitumie ringi za kuokota. Kisha: "Andika, kosa hili nililijua mimi, nikanyamaza, na mwenye gari hakujulishwa."

Niliandika. Akanitaka nisome. Nilisoma mpaka mwisho, naye akatikisa kichwa juu ya mto.

"Mwenye gari ni nani? Fundi yule atajuaje? Liandike jina."

Niliandika Mama Editha, nikamwonyesha.

"Hilo ni jina la mtoto wako."

Nilikata. Nikaanza kuandika mjane wa, na kabla sijafika jina la mume wangu akaweka kidole chake safi juu ya karatasi.

"Hapana," alisema. "Jina la mwenye gari."

Nikaandika majina yangu, yote matatu, kwa herufi kubwa. Akachukua kalamu, akaweka sahihi yake chini.